Bwana, Bibi na Ubao wa Nakshi



Katika mafundisho ya ndoa tunayoyatoa parokiani, kuna swali ambalo akina mama huniuliza mara kwa mara wakipata nafasi ya kusema bila bwana zao kuwapo: "Katekista, nifanye nini na mwanamume asiyezungumza?" Mama huyo halalamiki juu ya mlevi wala mtu wa kupiga. Anamsema mtu mwema, anayeleta mshahara nyumbani na kwenda Misa kila Jumapili, lakini akishakula chakula cha jioni anakaa kimya kama abiria anayesubiri basi. Kila nikilisikia swali hilo mimi hutazama chini, kwa maana kwa miaka mingi mwanamume huyo nilikuwa mimi.

Somo letu la leo ni juu ya kazi ndogo ya mikono, yaani kuchonga nakshi juu ya ubao kwa kisu kifupi, kibanzi baada ya kibanzi. Nitaeleza inavyofanywa, ili anayependa aweze kuanza. Nitaeleza pia jinsi kazi hii ilivyokaribia kuvunja amani ya nyumba yangu, na jinsi ilivyotupatia baadaye kitu ambacho semina nyingi za ndoa hazikuwa zimetupatia.

Nakshi ninayoisema

Sisi watu wa Ukambani tukisikia neno kuchonga tunafikiria twiga, vifaru na vijiko vya kuuzia watalii. Kazi hiyo ina heshima yake. Husimuliwa kwamba Mutisya Munge wa Wamunyu aliijifunza Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akarudi nayo nyumbani, na tangu hapo imesomesha watoto wengi. Lakini hiyo ni kazi ya tezo na patasi, na mwenye kuifanya anatafuta riziki. Hii nyingine ni ya kupumzisha akili jioni. Hapa huutoi mnyama ndani ya gogo. Ubao unabaki tambarare, nawe unakata juu ya uso wake alama ndogo za pembetatu na za umbo la jani. Kila alama ni shimo dogo ambalo kuta zake zinateremka na kukutana chini. Taa ikiwa upande mmoja, kuta hizo zinaleta kivuli, na mchoro wote unaonekana kana kwamba umeinuka.

Aliyefika Lamu atakuwa ameuona ufundi wa namna hii. Wengi wanasifu milango, na ni haki yao, maana mji ule wa kale uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, na milango yake imechangia sifa hiyo. Mimi lakini nilivutiwa zaidi na mbuzi ya kukunia nazi, kile kigoda cha kukunjwa chenye ulimi wa chuma. Mbuzi za zamani zimekatwa pembetatu ndogo ndogo na maduara, safu kwa safu, pale pale ambapo mama ataketi. Nilijiuliza ni fundi gani huyo aliyesumbuka kiasi hicho kwa ajili ya kifaa cha jikoni.

Nchi nyingine pia zimeiunganisha nakshi na ndoa waziwazi. Huko Norwe, kijana aliyetaka kuposa alichonga ubao mrefu wenye mshikio wa umbo la farasi, ambao wanawake waliutumia kunyooshea vitambaa vya kitani vilivyoviringishwa juu ya mti wa mviringo. Aliujaza nakshi za kisu na kumpelekea binti. Huko Wales kijana alichonga kijiko, na katika jumba la makumbusho la St Fagans, karibu na Cardiff, kiko kijiko cha namna hiyo chenye tarehe ya mwaka 1667. Huenda baba wa binti alipata kuona kitu hapo: kijana aliyeweza kukaa majira yote ya baridi na kijiko kimoja bila kukitupa motoni alikuwa na subira. Sisi tunadai mbuzi na blanketi, na sisemi tuache, lakini subira ya kijana hatuipimi popote.

Kosa langu

Nilianza mwaka 2017. Nilikuwa nimeziona picha za nakshi hizo kwa mtu mmoja, nikatamani. Nilimwomba kijana aliyekuwa akisafiri kwenda Nairobi aniletee visu viwili na jiwe la kunolea. Vilinigharimu shilingi 4,800. Fedha hizo nilizitoa katika bahasha ya karo ya muhula wa pili, nikijiambia kwamba nitazirudisha nikilipwa kibarua fulani. Kibarua hakikulipwa. Visu nikavificha ndani ya mkoba wa vitabu vya katekisimu, mahali ambapo mke wangu hakuwa na sababu ya kupekua, nami nikawa nachonga nyuma ya nyumba, kwenye banda, mpaka saa nne usiku. Nikiulizwa nilisema ninatayarisha mafundisho.

Kijana wetu alirudishwa nyumbani kutoka shuleni kwa upungufu wa karo. Mama alihesabu bahasha, akahesabu tena, kisha akaniita. Nikasema kweli. Hakunifokea. Aliniambia, "Baba watoto, kama ulitaka kisu ungesema. Tungejua pamoja tutakosa nini." Baada ya hapo hatukusemezana siku tisa, ila maneno ya chakula na ya mifugo.

Wengine watasema ni kisu tu, hakuibia watu wala hakwenda kwa mwanamke. Nami nilijitetea hivyo. Lakini fikirini wenyewe: kulikuwa na fedha za siri, mahali pa siri, saa za usiku, na uongo juu ya nilikokuwa. Ukiondoa kisu na kuweka jina la mwanamke, hadithi haibadiliki hata kidogo. Mke wangu aliliona hilo kabla yangu.

Tulikwenda kwa wasimamizi wetu wa ndoa, wazee wawili ambao Mungu amewajalia kusikia kuliko kusema. Nilitazamia kuambiwa niviuze visu. Mzee akaniambia, "Ukiviuza utapata nusu ya bei, na hasira itabaki yote. Viweke mezani, mama avione. Na usichonge tena mahali asipoweza kukuona." Bibi yake akamgeukia mke wangu akamwambia naye, "Nawe mwanangu, usimgeuzie meza hiyo kuwa mahakama." Karo tuliimaliza kwa kuuza mbuzi mmoja, wa kwangu.

Vifaa

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, na ninyi mtaanza kwa gharama ndogo kuliko yangu. Visu vya kununua si lazima. Fundi wa jua kali anaweza kukutengenezea kisu kizuri kutokana na kipande cha msumeno wa kukatia chuma. Mwambie makali yawe mafupi, kama sentimita 4 hivi, yaliyonyooka na kuishia kwa ncha kali, na mpini unaojaa kiganjani. Mwambie pia achovye chuma majini mara kwa mara anaposaga, kwa sababu kikipata moto mpaka kikabadilika rangi kinapoteza ugumu, na hakitashika makali tena.

Jiwe la kunolea liwe laini. Baada ya jiwe, pitisha makali juu ya kipande cha mkanda wa ngozi wa zamani uliogundishwa kwenye ubao, ukivuta kisu kurudi nyuma, kamwe usikisukume mbele. Wanaoanza hudhani kazi ni ngumu, kumbe kisu ni butu. Kisu kikiwa tayari kitakata karatasi ya gazeti bila kuirarua, na juu ya mbao kitaacha ukuta unaong'aa.

Ubao uwe wa mti laini, wa nyuzi ndogo zilizolingana, na uwe umekauka kabisa. Kwetu mjakaranda unafaa sana: ni mweupe, si mgumu, na hauna haja ya kukatwa msituni kwa sababu umepandwa mijini na mashambani. Mpingo na muhuhu waachieni wachongaji wakubwa, na hata wao wameshauriwa kwa miaka mingi kutumia mjakaranda, mwembe na mwarobaini ili misitu ipumue. Epukeni ubao wenye macho. Unene wa sentimita 2 unatosha. Pigeni msasa laini kabla ya kuchora, kwa maana baada ya kuchonga msasa hautumiki tena; utakula kingo zote na nakshi itaonekana kama imelambwa na ng'ombe.

Mchoro na mkato

Mchoro ndio uliomwingiza mke wangu katika kazi hii. Yeye ni mshonaji. Jioni moja alinitazama nikihangaika na bikari, duara likiwa limekwenda upande kama chapati ya mtoto, akashindwa kuvumilia. Akachukua kisanduku cha jometri cha yule kijana wetu, akachora duara, na bila kubadilisha upana wa bikari akaliweka sindano juu ya mstari wa duara na kupiga tao, akasogea hadi tao lilipokata mstari, akapiga lingine. Mara sita, na alama ya mwisho ikaangukia ya kwanza. Katikati pakatokea ua la majani sita. Hilo ndilo ua la kwanza la kila anayejifunza, na huhitaji hesabu yoyote kulichora. Anzeni na upana wa sentimita 4.

Kabla ya ua, jifunze pembetatu. Chora mistari miwili sambamba yenye nafasi ya sentimita moja kati yake, igawe kwa pembetatu. Shika ubao juu ya mapaja au mezani. Shika kisu kwa vidole vinne, kidole gumba kikiegemea mbao, na kisu kilale kidogo kuelekea katikati ya pembetatu, kama digrii 65 hivi kutoka kwenye ubao. Ingiza ncha kwenye kona, vuta ukizamisha polepole hadi katikati ya mstari, kisha anza kuinua hadi kona ya pili. Geuza ubao. Fanya hivyo upande wa pili na wa tatu. Mikato ikiwa imekutana chini, kibanzi kinaruka chenyewe kikiwa kizima, chenye umbo la piramidi. Kama hakitoki, usikichokoe kwa ncha. Rudia mikato ile ile, kwa pembe ile ile. Kuchokoa kunararua sakafu ya shimo, na ncha ya kisu inaweza kuvunjika.

Jani la ua lina mikato miwili tu, mmoja kila upande, na mkato huzama zaidi katikati ambapo jani ni pana. Ugumu uko mahali majani yanapokutana, kwa sababu mbao inayobaki katikati ni nyembamba kama kiberiti. Ukitoa jani moja na kuhamia la jirani, kata kwanza ule upande unaopakana na shimo ulilokwisha kutoa. Wakati huo mbao ya jani la pili bado iko, inaushikilia ukingo. Ukianza na upande wa mbali, ukingo utabaki peke yake na utakatika.

Tazama pia nyuzi za mbao. Ukikata kwa kufuata nyuzi, kisu kitataka kukuchukua kinakotaka chenyewe, kama ndama aliyeona maji. Ukiona uso unapasuka mbele ya kisu, simama, geuza ubao, ukate kutoka upande wa pili. Na mkono ule mwingine usikae mbele ya makali hata kwa dakika moja. Mimi nina kovu kwenye kidole gumba cha kushoto, na wanafunzi wangu wa Komunyo ya Kwanza wanalijua vizuri.

Yaliyosemwa mezani

Tulikubaliana jioni tatu kwa juma, baada ya Rozari, saa moja na nusu, si zaidi. Yeye alichora au alishona, mimi nilichonga, tukitumia taa moja. Majuma ya kwanza tuliongea habari za kijiji. Juma la nne au la tano, mimi nikiwa nimeinamia jani, aliniuliza, "Unakumbuka tulimzika siku gani?"

Mwaka 2011 tulipata mtoto aliyeishi siku tatu. Nilimbatiza mimi mwenyewe, kwa maji ya bomba ndani ya kikombe, kwa sababu hali ilikuwa mbaya na padre alikuwa mbali. Tulimzika, watu wakaja, wakaenda. Katika miaka sita hatukuwa tumetaja jambo hilo tukiwa wawili. Mimi nilinyamaza nikidhani ninamwepusha maumivu. Yeye alidhani nimesahau. Alikuwa ameishi miaka sita na mwanamume ambaye alimwona ni mtu asiyemkumbuka mtoto wake.

Nilimjibu ilikuwa Alhamisi. Nilijibu bila kuinua macho, na ninakiri kwamba kama ningeyainua nisingeweza kujibu. Nikaendelea kukata, naye akaendelea kuuliza, na yote yalisemwa usiku ule, pamoja na hasira yake kwamba nilirudi kazini baada ya siku nne. Jani lile liliharibika. Tuliacha Rozari ya kesho yake iwe kwa ajili ya mtoto, tukamtaja kwa jina lake.

Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika wosia wake wa mwaka 2016 juu ya upendo katika familia, Amoris Laetitia, aliwashauri wana ndoa wapeane muda na kusikilizana kwa subira mpaka mwenzake amalize kusema. Ni shauri jema. Lakini mwanamume wa kwetu ukimketisha kwenye kiti, ukamkabili uso kwa uso, ukamwambia "sasa tuzungumze," anahisi ameitwa na chifu. Mpe mikono yake kazi, macho yake yapate mahali pa kutulia, na utashangaa. Si lazima iwe kuchonga. Nimeona wengine wakifaulu kwa kupukuchua mahindi. Kuchonga kuna faida moja tu zaidi: hakuna kelele, na mtu hawezi kukimbia katikati ya mkato.

Kwa hiyo kabla hamjamwona fundi wa kisu, ulizaneni ninyi wawili. Fedha zitatoka wapi, na nini kitapungua? Tutakaa wapi ili kila mmoja amwone mwenzake? Saa ngapi kazi itawekwa chini hata kama jani moja halijakwisha? Hilo la mwisho msilidharau. Nimemjua bwana aliyeanza vizuri, kisha akawa anachonga hadi saa sita za usiku, na mkewe akalala peke yake akihesabu vibanzi vinavyoanguka sakafuni. Nanyi akina mama, bwana akianza kusema, msimkumbushe kwamba alichelewa kusema. Atakuwa anajua.

Kumaliza ubao

Nakshi ikikamilika, futa alama za penseli kwa kifutio cha kawaida, polepole, ukifuata kingo. Pangusa vumbi kwa brashi kavu, hata ya viatu ikiwa mpya. Kisha yeyusha nta ya nyuki kidogo pamoja na mafuta ya kitani, ndani ya kopo lililowekwa kwenye maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe. Paka kwa safu nyembamba, ungoje robo saa, ufute yote yaliyobaki juu. Kitambaa ulichotumia usikikunje ukakitupa pembeni, maana mafuta ya kitani huweza kujiwasha yenyewe yakikauka ndani ya kitambaa kilichokunjwa. Kianike nje kikiwa wazi. Ubao uanikwe kivulini kwa siku kadhaa. Jua la mchana litaupasua.

Ubao wetu wa pili uko ukutani, juu ya meza ya sala. Una ua la majani sita, na chini yake jina la ubatizo la mtoto. Herufi huchongwa kwa mikato miwili kama jani, mmoja kila upande, ikikutana chini. I, L na T ni rahisi. Zinazosumbua ni herufi za mviringo, O na S na R, kwa sababu kisu kinavuka nyuzi na kuzifuata ndani ya mkato mmoja. Hizo zifanyieni mazoezi kwanza kwenye kipande kibovu, mara kumi au kumi na tano, kabla ya kuzigusa kwenye ubao wenyewe.